Kuna mkono wa mtu

Baba mkubwa alipofariki, kikao cha ukoo kiliniteua kuwa msimamizi wa mirathi. Hoja ilikuwa moja tu, na aliyeitoa ni shangazi: "Huyu si ndiye anayeshinda na makaratasi?" Hakuna aliyepinga. Nikakabidhiwa muhtasari wenye saini kumi na moja na alama mbili za dole gumba, nikaupeleka mahakama ya mwanzo, na kuanzia siku hiyo kila jamaa aliyenipigia simu alianza na salamu ndefu kisha akafika kwenye shamba.

Mali zenyewe si za kugombaniwa. Minazi iliyozeeka upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Nyumba ambayo bati lake limebaki kutu. Na sanduku la babu, lile la misumari ya shaba, ambalo baba mkubwa alilitunza miaka yote bila kulifungua mbele ya mtu. Nililifungua mbele ya shangazi na mashahidi wawili, kama inavyotakiwa. Hamkuwa na hati ya kiwanja wala dhahabu. Mlikuwa na mabunda ya barua yaliyofungwa kwa uzi wa mkonge, zote za Kiswahili, zote kwa hati za Kiarabu. Kati ya watu kumi na watatu waliotia saini na dole gumba, hapakuwa na hata mmoja anayeweza kuzisoma. Mimi nilikaa chuoni kwa maalim miaka minne na Kurani nasoma, lakini Kurani ina irabu. Barua ya mtu aliyeandika kwa haraka, wino ukimwishia, haina. Nilichomudu ni tarakimu tu: 1352, mwaka wa Hijria, yaani 1933 au 1934.

Nilikuwa nimebeba kitabu cha kusomea ndani ya basi la Tanga, kitabu chembamba nilichokinunua miaka mingi nyuma kwa mwuza vitabu vya mitumba Dar: *The Crying of Lot 49* cha Mmarekani Thomas Pynchon, kilichotoka 1966. Nilikisoma ujanani nikaambulia nusu. Safari hii nilicheka kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka jirani yangu wa kiti akasogea. Mama mmoja wa California, Oedipa Maas, anarudi kutoka kwenye karamu ya akina mama wanaouziana vyombo vya plastiki, kichwa chepesi kwa pombe iliyozidi kwenye mchuzi wa jibini, anakuta habari kwamba ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya tajiri wa viwanja aliyewahi kuwa hawara yake. Hajui sheria, hajui aanzie wapi. Anaanza kufuatilia mali za marehemu, na kila anachokigusa kinamwonyesha kitu kingine nyuma yake.

Kitu hicho ni posta ya siri. Chooni kwenye baa moja ya mafundi wa kiwanda cha silaha anaona mchoro mdogo wa tarumbeta iliyozibwa mdomo. Baadaye anauona kwenye pete, kwenye stempu, kwenye mchezo wa watoto usiku. Inaelekea kuna watu, tangu karne ya 16 huko Ulaya, waliokuwa wakipambana na familia ya Thurn und Taxis, ambayo kwa kweli ilishika biashara ya barua za wafalme kwa karne nyingi. Watu hao, Tristero, hawakufa. Wapo Marekani, na wanyonge wa San Francisco wanatumiana barua kupitia mapipa yanayofanana na ya taka. Au hawapo, na marehemu amemtengenezea Oedipa mzaha mkubwa. Au Oedipa anapata wazimu.

Sisi tuna sentensi moja ya mambo haya. Gari likipinduka, duka likifilisika, mtoto mwenye akili akifeli, atatokea mtu wa kunong'ona: kuna mkono wa mtu. Sijapata kusikia maneno manne yanayomweleza Pynchon vizuri kuliko hayo. Wahakiki wa kwao hutumia neno la hospitali, paranoia, kana kwamba wahusika wake wanaumwa kichwa kwa kuona hila kila mahali. Mimi nadhani tofauti kati ya ugonjwa na maarifa inategemea umekaa upande gani wa bahari, na ndiyo sababu ya makala hii. Nitaifikia.

Kwanza nimalize habari ya posta, maana kuna jambo msomaji wa Marekani halioni. Posta ya pili si ajabu kwetu. Posta ya serikali haijapata kugonga mlango wetu, tuna S.L.P., sanduku la chuma mjini ambalo ufunguo wake anao mwalimu mkuu au mwajiri. Barua ya kweli, yenye hela ndani, ilikwenda kwa kondakta. Unampa jina la mtu na jina la kituo, unaongeza "mwambie ni ya mtoto wa fulani", na inafika. Nilipofika pale Oedipa anapojiuliza ni nchi gani hii ambayo maelfu ya watu wameamua kutotumia posta ya serikali yao, basi letu lilikuwa limesimama Segera na kondakta anapokea bahasha dirishani.

Sehemu moja ya kitabu hicho nimeirudia mara nyingi. Usiku kucha Oedipa amezunguka mji akiona tarumbeta iliyozibwa. Alfajiri anamkuta mzee mmoja, baharia, ameketi kwenye ngazi za jengo la vyumba vya kupanga, anatetemeka, mkononi amechanjwa mchoro ule ule. Mzee anamwomba ampelekee barua. Ni ya mke wake aliyemwacha zamani sana, yuko Fresno. Barua itumbukizwe kule chini ya barabara ya juu, siyo posta. Oedipa, aliyekuwa akiwinda siri, anamkumbatia yule mzee kama mtoto na kumpandisha chumbani kwake. Mpaka hapo ungedhani Pynchon ni mtu wa vichekesho na mafumbo. Yule mzee si fumbo, na godoro lake pia si fumbo. Ni mtu ambaye hakuna posta inayomhesabu.

Na katika barua zenyewe za hiyo posta ya siri, ile tunayosomewa kwa ukamilifu haina kitu. Hujambo, nimeona nikuandikie mistari miwili, kitabu chako kinaendeleaje, nadhani ni hayo tu, tutaonana baa. Wanachama wanatakiwa kupeleka angalau barua moja kwa wiki au watozwe faini, basi wanaandika chochote. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia nikirudi kwenye sanduku.

*

Thomas Pynchon alizaliwa Glen Cove, jimbo la New York, tarehe 8 Mei 1937. Alisoma chuo kikuu cha Cornell, akaanza na fizikia ya uhandisi, akaacha akaingia jeshi la maji, akarudi akamaliza na Kiingereza mwaka 1959. Kisha akafanya kazi Seattle kwenye kampuni ya Boeing akiandika maelezo ya kiufundi yanayohusu makombora. Kwa kazi hiyo, huhitaji kuuliza alijuaje roketi inavyotengenezwa. *V.* ikatoka 1963. *Gravity's Rainbow* ikatoka 1973, kurasa 760 katika chapa ya kwanza. Halafu kimya kirefu, halafu *Vineland* 1990, *Mason & Dixon* 1997, *Against the Day* 2006, *Inherent Vice* 2009, *Bleeding Edge* 2013, na akiwa na miaka 88, *Shadow Ticket* 2025.

Muda wote huo amekwepa mahojiano na kamera. Hapo ndipo umaarufu wake ulipoanza kula kazi yake. *Gravity's Rainbow* ilipopata tuzo ya National Book Award mwaka 1974, mchekeshaji Irwin Corey ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake, na akatoa hotuba ya maneno yasiyoshikana huku ukumbi ukibabaika. Mwaka ule ule majaji wa Pulitzer walikubaliana wote kwamba kitabu hicho kishinde, bodi iliyo juu yao ikakataa, na tuzo ya riwaya haikutolewa kabisa. Mwaka 2004 alijitokeza katika katuni ya *The Simpsons* kwa sauti yake mwenyewe, amevaa mfuko wa karatasi kichwani. Bendi ya Radiohead iliita duka lake W.A.S.T.E., neno lililoandikwa kwenye mapipa ya Tristero. Paul Thomas Anderson akatengeneza filamu ya *Inherent Vice* 2014, na 2025 akatoa *One Battle After Another*, iliyochota kutoka *Vineland*.

Ukimwuliza kijana anayemjua Pynchon kwa njia ya mtandao, atakwambia hayo: mfuko, tarumbeta, mtu asiyeonekana. Ni kama mtu aliyealikwa harusini akakumbuka viatu vya bwana harusi tu. Vitu hivyo ni vya kweli na vingine vinachekesha, lakini vimekuwa pazia. Nyuma yake kuna sura ya tisa ya *V.*, na wachache wanaoitaja.

(Kuhusu neno la kumweka, lile Waingereza waliitalo postmodernism: wataalamu wetu husema usasaleo, wengine usasabaadaye. Sina ugomvi na yeyote. Aliyesoma *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi hatashtuka kwamba riwaya inaweza kukataa kuwa na njia moja ya kuingilia na kutokea.)

*

Sura hiyo ya tisa inatupeleka Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, mwaka 1922. Mhandisi kijana wa Kijerumani, Mondaugen, yuko huko kusikiliza kelele za redio zinazotoka angani. Wabondelswarts, jamii ya kusini mwa nchi hiyo, wameasi utawala wa Afrika Kusini, na walowezi wa Kizungu wanajifungia kwenye nyumba ya mkulima aitwaye Foppl, wanavuta daraja, wanafanya sherehe ya miezi zaidi ya miwili. Chakula kipo, mvinyo upo. Na kadiri siku zinavyokwenda, Foppl anazidi kusimulia habari za ujana wake wa 1904, alipokuwa askari chini ya Jenerali Lothar von Trotha. Anasimulia kwa hamu, kama mzee anayekumbuka mpira wa zamani.

Historia ya 1904 haikubuniwa. Tarehe 11 Agosti Waherero, wenyeji wa huko walioasi utawala wa Wajerumani, walizingirwa Waterberg, wakakimbilia jangwa la Omaheke. Tarehe 2 Oktoba von Trotha akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mpaka wa Wajerumani, mwenye silaha au asiye nayo, apigwe risasi. Visima vikalindwa ili watu wafe kwa kiu. Waliobaki wakatiwa kambini. Pynchon, kijana wa miaka 25 ambaye hakuwahi kufika huko, anapiga hesabu kwa sauti ya karani: inakadiriwa jenerali aliwamaliza watu kama 60,000. Hiyo ni asilimia moja tu ya milioni sita, lakini si haba.

Nisome hiyo "si haba" mara ngapi? Ilichapishwa 1963. Marekani yenyewe ilikuwa bado inajifunza kuhesabu milioni sita za Wayahudi, na huyu kijana anaandika kwamba hesabu haikuanzia kwao, mazoezi yalifanyika Afrika. Miaka sita baadaye alimwandikia mwanafunzi mmoja aliyemwuliza habari hizi. Alisema alikuwa maktaba ya umma New York akitafuta ripoti kuhusu Malta, akaikuta ya Wabondelswarts imekaa jirani yake. Katika barua hiyo aliwafungia Waherero, Wahindi Wekundu wa kwao na Wabudha wa Vietnam katika kifurushi kimoja.

Sasa nirudi kwenye mkono wa mtu. Kabla ya Namibia, von Trotha alikuwa hapa. Kuanzia 1894 hadi 1897 ndiye aliyekuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaiser akatia saini hati ya ulinzi kwa mikataba ambayo Carl Peters alikuwa ameikusanya Usagara na jirani zake, imeandikwa kwa Kijerumani, machifu wameweka alama ya msalaba. Siku moja. Mjini kwetu Pangani alinyongwa Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889. Maji Maji ikafuata 1905, mwaka uliofuata Waterberg, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyopangwa, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Mhusika wa Pynchon akisema kuna Wao, kwa herufi kubwa, waliokaa mezani mahali fulani wakaamua maisha yake, msomaji wa New York anamwonea huruma kama mgonjwa. Msomaji wa Songea anauliza tu: meza ipi, na tarehe gani?

*

*Gravity's Rainbow* niliiacha mara mbili. Ya kwanza ukurasa wa mia na kitu, ya pili kwa hasira. Nitaieleza kwa ufupi kadiri inavyoelezeka. Ni Desemba 1944, London inapigwa na makombora ya V-2, ambayo hukimbia kuliko sauti: kwanza mlipuko, ndipo mvumo wa kuja kwake. Aliyesikia mvumo amesalimika. Luteni mmoja wa Kimarekani, Slothrop, ana ramani ya wanawake aliolala nao, na wanasayansi wa jeshi wanagundua kwamba ramani hiyo inalingana alama kwa alama na ramani ya mahali makombora yanapoanguka siku chache baadaye. Wanamchunguza, anatoroka, vita vinakwisha, anazunguka Ujerumani iliyovunjika mpaka yeye mwenyewe anatawanyika na kupotea katika kitabu chake.

Katikati ya vurugu hiyo wapo Waherero. Ujasusi wa Uingereza unatengeneza filamu ya uongo ya kikosi cha Waafrika weusi wanaofyatua roketi kwa Hitler, ili kuwatisha Wajerumani. Kisha inagundulika kwamba kikosi hicho kipo kweli. Ni watoto na wajukuu wa waliosalimika 1904, wameletwa Ulaya, na kiongozi wao, Enzian, anakusanya vipande vya roketi moja ya mwisho vichakani. Uongo umekuta ukweli umeshatangulia.

Wahakiki wengi hulichukulia hili kuwa kichekesho cha mwandishi. Mimi lilinisimamisha, kwa sababu ya mtu mmoja. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwaka wa Waterberg. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe akaingia vita vya kwanza akiwa mtoto. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa jeshi ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza vijisehemu katika filamu za kusifu ukoloni, na chuo kikuu cha Berlin akawa anafundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Riwaya ya Pynchon inafunguka wiki chache baadaye.

Pynchon alilazimika kubuni Waafrika ndani ya Ujerumani ya Hitler, na akadhaniwa anatania. Kumbe kulikuwa na mtu wa Dar anayesahihisha ngeli za wanafunzi wake mjini Berlin. Leo kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake barabarani huko. Na ilibidi tungoje Abdulrazak Gurnah, katika *Afterlives* ya 2020, ndipo askari wa namna hiyo apewe dada anayemsubiri nyumbani na mpwa anayekwenda kupekua kumbukumbu za Wajerumani kumtafuta.

Hapo ndipo lawama yangu kwa Pynchon inapokaa. Enzian hana shangazi. Waherero wake wamebebeshwa mawazo mazito mno: sifuri, duara, kifo. Wapo kati yao kundi analoliita Watupu, ambao wameamua kutozaa, kabila lijimalize lenyewe na kuikamilisha kazi ya von Trotha. Kama picha ya kisanaa inatisha. Kama habari ya watu, si haki. Waherero hawakujimaliza. Kila Agosti wanakusanyika Okahandja kwenye makaburi ya machifu wao, akina mama na vilemba vyao vyenye pembe mbili, na mwaka 2017 walikwenda hadi mahakama ya New York kuishtaki Ujerumani. Kesi ilitupwa 2019. Mwaka 2021 Ujerumani ikakiri kuwa ilikuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi kwa miaka 30, na ikakwepa neno fidia. Watu wanaogombana na serikali juu ya neno moja hawajawa watupu. Wanawake wa kitabu hicho nao, wengi, wapo ili Slothrop apite. Katika utangulizi wa *Slow Learner*, mkusanyo wa hadithi zake za ujana uliotoka 1984, Pynchon alijicheka vikali kwa ujinga na ubaguzi wa maandishi yake ya mwanzo. Angeweza kuongeza kurasa.

*

Lakini kuna sura moja ninayomsamehea mengi. Vaslav Tchitcherine, ofisa wa Kisovieti, miaka ya nyuma alipelekwa Asia ya Kati kuwafundisha Wakirgizi alfabeti mpya ya herufi za Kilatini. Huko wana lugha inayoishi mdomoni, na walioandika waliandika kwa herufi za Kiarabu. Makamati yanakaa. Yanagombania herufi ya G mpaka watu wanahujumiana usiku, na unacheka, mpaka ukumbuke kwamba na sisi tulikuwa na kamati yetu, ya 1930, iliyokaa ikaamua Kiswahili kipi ni sanifu na neno liandikweje, na mtu wa Mombasa hadi leo ana la kusema juu ya hilo.

Jioni moja Tchitcherine anafika kijijini akakuta mvulana na msichana wanajibizana kwa mashairi, huku watu wamekaa duara wakicheka. Ni malumbano kabisa, hata mtu wa Lamu angejua lini apige makofi. Tchitcherine anatazama na kufahamu kwamba karibuni atakuja mtu kuyaandika mashairi haya kwa alfabeti aliyosaidia kuitunga yeye, na kwamba hivyo ndivyo yatakavyopotea.

Huyu Tchitcherine na Enzian ni ndugu, baba mmoja, baharia wa Kirusi. Kitabu kizima Mrusi anamwinda nduguye mweusi amuue. Karibu na mwisho wanakutana darajani, jioni inaingia. Tchitcherine anaomba sigara na chakula. Anapewa nusu pakiti na viazi vitatu vibichi. Wanaagana. Hakumtambua. Pynchon anaongeza kwamba si mara ya kwanza mtu kumpita nduguye jioni bila kujua, mara nyingi kwa maisha yote, kisha anaendelea na mambo yake.

*

Barua zile nilizipeleka kwa maalim mmoja mzee mjini Pangani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Shangazi alikuja nami, hakutaka kusimuliwa. "Shikamoo maalim." "Marahaba mwanangu. Hizi za nani?" Akachukua ya juu, ile ya 1352, akaiinamia.

Robo tatu ilikuwa salamu. Baada ya salamu, hali ya huku njema, wa hofu na huko. Fulani anakusalimu, na fulani, na mama yao. Nikamkumbuka rafiki wa barua zile za baa. Kisha maalim akanyamaza, akarudi nyuma mstari mmoja.

"Mwenye barua anasema anamdai huyu babu yako frasila saba za bata."

Shangazi akaguna. "Bata wanapimwa kwa frasila?"

"Au pata," akasema maalim. Hati za zamani zinaandika *ba*, *pa* na *mba* kwa herufi ile ile, na mwenye kusoma ndiye anayejua. Akaisogeza barua dirishani. "La. Mbata. Frasila saba za mbata, alizichukua msimu uliopita na bei imeanguka, basi alipe nazi kwa nazi, si kwa fedha. Ampe mtu anayemwamini, siyo posta."

"Nani anayedai?" nikauliza, daftari mkononi, maana deni la marehemu hulipwa kabla ya kugawa chochote.

Pale palipokuwa na jina, mchwa walikuwa wametoboa duara safi, ukubwa wa senti. Maalim aliingiza kidole chake, kikatokea upande wa pili.

Shangazi aliniangalia. "Wewe si ndiye msimamizi? Andika. Deni lipo, mdai hajulikani."

Nikaandika. Maalim akafungua ya pili.